Kamera haijui kama chupa imefika

Jumamosi iliyopita nimekaa Kamalondo, mtaa wetu mmoja hapa Lubumbashi, bukari (ugali) iko njiani kuja mezani, simu inalia. Ni mkuu wa matengenezo wa kiwanda kimoja cha maji ya chupa. "Papa, kamera yetu inachelewaka. Picha zingine chupa iko katikati, zingine iko pembeni kabisa. Tunataka tuuze ingine ya mbio."

Msomaji wa Dar au Mombasa asichanganyikiwe: hapa Lubumbashi kuuza ndiyo kununua, mwenye duka yeye anauzisha, na papa ni baba, neno la heshima. Kwa hiyo papa huyu hakuwa na kamera ya kuniuzia. Alikuwa tayari kutoa dola za kiwanda kwa kamera mpya, na ile aliyonayo haina ugonjwa wowote.

Ni mteja wa tano mwaka huu, na maneno ni yaleyale. Basi naandika mara moja. Wa sita nitamtumia kiungo, mimi nimalize bukari yangu.

Jumatatu nikaenda. Laini inajaza chupa 12,000 kwa saa, yaani 200 kwa dakika. Kutoka chupa hadi chupa ni milimita 150, kwa hiyo mkanda unakwenda nusu mita kwa sekunde. Kariri hiyo: kila milisekunde, chupa imesogea nusu milimita. Kamera inaangalia kama kifuniko kimekaa sawa na kama maji yamefika kiwango. Ni kamera nzuri, shata ya globali (inanasa picha nzima kwa mpigo mmoja), fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde.

Aliyeifunga aliiacha ipige mfululizo, usiku na mchana, chupa iwepo isiwepo. Kihisi kikiona chupa, programu inachukua picha ya mwisho iliyofika kwenye kompyuta. Basi. Huo ndio utaalamu wote uliotumika pale.

Kamera ya namna hiyo ina mdundo wake. Fremu 60 kwa sekunde ni picha moja kila milisekunde 16.7, na chupa haziufuati mdundo huo. Moja inafika picha imetoka kupigwa sasa hivi, nyingine inafika wakati picha iliyopo ina umri wa milisekunde 16. Tofauti hiyo kwenye mkanda ni milimita 8.3. Kamera yao inaona upana wa milimita 160 kwa pikseli 1280, kwa hiyo kifuniko kinatangatanga ndani ya pikseli 66 hivi. Nilichukua picha 200 kwenye diski yao, nikapima ukingo wa kifuniko moja baada ya nyingine huku papa amesimama nyuma yangu. Kutoka cha kushoto kabisa hadi cha kulia kabisa: pikseli 65.

"Sasa ile ya fremu 120?" akauliza.

Itakupa milimita 4.2. Ya 240 itakupa 2.1. Unalipa mara mbili ili upunguze kosa kwa nusu, kisha mara mbili tena, na kosa halikuhami hata siku moja. Laini yako inahitaji picha tatu na kitu kwa sekunde! Kamera ya fremu 10, ile inayowauma macho kwenye katalogi, ikifungwa ili ingoje amri ya kihisi kwa waya wake yenyewe, itaipiku hiyo ya 240 bila jasho. Fremu kwa sekunde inakuambia kamera inaweza kupiga picha ngapi. Kwamba itapiga lini, namba hiyo haisemi kitu. Nimelieleza hili kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, mara moja kwa kuchora na mkaa sakafuni, na bado katalogi inafunguliwa kwenye ukurasa wa fremu.

Kingine: watu wanachanganya kuchelewa na kuyumba. Umeme ukikatika kila jioni wakati uleule, mama anapika bukari mapema na hakuna anayelala njaa. Ukikatika leo mchana, kesho usiku, keshokutwa usikatike kabisa, ndipo gunia la makala, yaani mkaa, linanunuliwa. Kamera ikichelewa milisekunde 5 kila mara, nasogeza kihisi milimita mbili na nusu, nimemaliza. Ikichelewa 2, halafu 9, halafu 4, hakuna pa kukisogeza.

Wengine wananijibu kwa fahari kwamba wao tayari wanatumia triga, yaani amri ya kuiambia kamera ipige sasa. Naomba nione waya. Waya unatoka kwenye kihisi, unaingia kwenye otomati, kile kisanduku kinachoendesha laini. Otomati inapeleka ujumbe kwa kompyuta kwa kebo ya mtandao. Programu kwenye Windows inaamka, inaiambia kamera ipige. Hiyo ni barua inayopita mikono minne. Otomati inasoma milango yake mara moja kwa kila mzunguko. Mzunguko ukiwa wa milisekunde 10, chupa iliyofika mara tu baada ya kusomwa inangoja 10, iliyofika kabla kidogo haingoji kitu. Hapo tu umepoteza milimita tano. Windows nayo haikuahidi mtu chochote: mara nyingi inajibu haraka, halafu siku antivirusi imeamua kukagua diski, inakaa. Kihisi kiende moja kwa moja kwenye pembejeo ya kamera (tundu linalopokea ishara), otomati ipate nakala yake pembeni. Pembejeo nyingi zina optokapla, kifaa kidogo kinachopitisha ishara kwa mwanga, na optokapla haiwaki na kuzimika kwa kasi ileile, kwa hiyo chagua ukingo mmoja wa ishara na ubaki nao. Tunaongelea mikrosekunde. Mikrosekunde 20 kwenye mkanda huu ni sehemu moja ya mia ya milimita. Usiniamshe kwa hilo.

Sasa logi, lile faili ambamo programu inaandika kila tukio na muda wake. Logi ndiyo inanichosha kuliko yote. Fundi mmoja, kijana mwenye akili sana, alinitumia faili la mistari elfu kadhaa: "Yaya (kaka mkubwa), angalia mwenyewe, kamera inapiga baada ya milisekunde 298, halafu 311, halafu 289." Nikamuuliza ni nani aliyeandika muda huo. Programu. Lini? Picha ilipofika. Kumbe alikuwa anapima safari ya picha, akadhani anapima kuzaliwa kwake. Kabla ya kufika kwenye programu, picha imesomwa kutoka kwenye sensa ya kamera (kile kipande kinachopokea mwanga), imekatwa vipande, imepita kwenye kebo, kadi ya mtandao imevikusanya vipande kwanza ili isisumbue prosesa kila mara, kimoja kimepotea kikaombwa upya, na mwisho programu imepewa zamu yake. Chupa ilipigwa sawasawa, habari zake ndizo zilizochelewa. Kamera nyingi za viwandani zinaandika muda wake zenyewe ndani ya kila picha, kwa saa yao, pamoja na namba ya fremu. Soma hiyo. Kijana akasoma, kuyumba kukabaki sehemu ndogo ya milisekunde, akanyamaza siku mbili. Bado tunaongea vizuri.

Namba ya fremu ina kazi nyingine pia. Amri ikija wakati kamera bado inasoma picha iliyotangulia, kamera nyingi zinaitupa kimyakimya. Programu haijui, inaendelea kuhesabu, na kuanzia hapo kisukuma, kile kinachotoa chupa mbovu kwenye mkanda, kinaangusha chupa ya jirani asiye na kosa. Linganisha namba ya fremu na hesabu ya chupa, utaona.

Muda wa kupokea mwanga usiachwe otomatiki. Mlango wa ghala ukifunguliwa jua likaingia, kamera inajipunguzia muda, jioni inajiongezea, na picha inasogea bila mtu kugusa kitu. Weka mikrosekunde 100 na taa ya LED inayomulika kwa amri ya kamera, uende nyumbani.

Kwa papa wa maji niliunganisha waya sawasawa, nikajisifu, nikapima tena. Kuyumba kulikuwa kumeshuka hadi pikseli 20. Ishirini! Kwa waya wa moja kwa moja! Nilikaa na osiloskopu, kifaa cha kuchora ishara za umeme, saa nzima nikiilaumu kamera kama mteja yeyote. Kisha nikainama nikaangalia chupa zenyewe kwenye usawa wa kihisi. Plastiki angavu, imelowa, tone linateremka ubavuni. Chupa moja inakata mwanga wa kihisi kwa ukingo wake wa mbele. Inayofuata mwanga unapenya ukingoni na kukatwa mbele kidogo, pale plastiki inapopinda au tone linaponing'inia. Nikapandisha kihisi hadi usawa wa kifuniko, ambacho ni cha buluu na hakipitishi kitu. Pikseli mbili.

Kuna jambo moja sitajidai nalo. Kwenye kiwanda kingine kamera ilikuwa inapiga picha za hewa tupu kila jenereta ilipochukua zamu. Nilibadilisha kebo nikaweka yenye ngao, nikarekebisha waya wa ardhi, nikaweka kichujio cha mikrosekunde 50 kwenye pembejeo (ishara fupi kuliko hapo inapuuzwa), yote siku moja kwa sababu mkuu alikuwa amesimama mlangoni na saa mkononi. Picha za hewa zikaisha. Ni kipi kati ya vitatu kilichoponya, siwezi kukuapia. Nadhani ni kichujio. Kebo ndiyo niliyoitoza pesa.

Kwa hiyo kabla hujanipigia: chukua picha 200, pima mahali kifuniko kilipo katika kila moja, uzipange kwenye chati ya nguzo. Usinitumie wastani, wastani haunisaidii, nitumie umbo. Chati ikiwa bapa kama meza, yenye kingo kali pande zote mbili, kuna mdundo unaokatiza chupa zako: pima upana wake kwa milisekunde, ukikuta 16.7 ni kamera iliyoachwa huru, ukikuta 10 kaulize mzunguko wa otomati. Ikiwa na kilima chembamba na mkia mrefu upande mmoja, amri yako inapita kwenye kompyuta. Ikiwa na vilima viwili, usiguse programu. Nenda kaiangalie chupa, na ubebe kitambaa.