Saini halali haitoshi: tokeni kwenye mfumo wa huduma nyingi

Ukichungulia maombi yanayotoka kwenye kivinjari chako, mara nyingi utakuta mfuatano mrefu wa herufi unaoanza na `eyJ`. Hiyo ni JWT (JSON Web Token), yaani tokeni yenye saini inayosema wewe ni nani na una ruhusa gani. Herufi hizo tatu hazikuja kwa bahati: ndivyo `{"` ikifuatwa na herufi ndogo inavyotokea ikishaandikwa kwa Base64, namna tu ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Yaani hakuna kilichofichwa humo. Anayeishika tokeni anaweza kuisoma yote. Asichoweza ni kuibadilisha tokeni na saini ikabaki sahihi. Bado nakuta mifumo inayojaza humo namba za simu na za vitambulisho, eti kwa sababu "imefungwa".

Kama una programu moja na databesi moja, baki na kuki na sesheni za kawaida, utalala vizuri. Tokeni zina maana pale kazi inapogawanywa: huduma ya maagizo huku, malipo kule, ghala, ripoti. Kila moja ikilazimika kuiuliza huduma ya kuingia "huyu ni nani?" kwa kila ombi, siku huduma hiyo ya kuingia ikianguka zote zinaanguka nayo. JWT, iliyowekwa rasmi kwenye RFC 7519 (hati ya viwango vya intaneti) mwaka 2015, inaziwezesha kukagua zenyewe.

Uamuzi wa kwanza ni nani anashika ufunguo wa kutia saini. Mifano mingi ya mtandaoni hutumia HS256, ambapo siri moja inatia saini na hiyohiyo inakagua. Ukiigawa siri hiyo kwa huduma zote, umezipa zote uwezo wa kutengeneza tokeni. Ile huduma ndogo ya ripoti ambayo hakuna anayeiangalia, ikidukuliwa, mdukuzi anajiandikia tokeni ya msimamizi mkuu. Tumia RS256 au ES256, zenye funguo mbili, wa siri wa kutia saini na wa umma wa kukagua tu: ufunguo wa siri unabaki kwenye huduma ya kuingia peke yake, wengine wanapewa wa umma. Ukitumia Keycloak (programu ya kusimamia kuingia), funguo za umma tayari ziko kwenye anwani ya JWKS, yaani orodha ya funguo hizo; huduma zako zinazichukua na kuzihifadhi kwenye kache.

Kubadilisha ufunguo kuna mpangilio wake. Tangaza kwanza ule mpya wa umma, subiri kache zote ziupate, ndipo uanze kuutumia kutia saini. Wa zamani uondoe tokeni yake ya mwisho ikishaisha muda. Huduma ikikutana na `kid` (kitambulisho cha ufunguo kinachoandikwa kwenye tokeni) isiyoijua, ikachukue orodha upya, lakini iwekewe kikomo. Bila kikomo, mtu yeyote mwenye `kid` za kubuni anaweza kuigeuza huduma yako nyundo ya kuigonga huduma ya kuingia.

Jina la algoriti nalo liandikwe kwenye mipangilio yako, lisisomwe kutoka kwenye tokeni. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Tim McLean alionyesha kwamba laibrari kadhaa zilikubali tokeni yenye `alg` (algoriti) ya `none`, yaani isiyo na saini, na nyingine zilidanganywa zitumie ufunguo wa umma wa RS256 kana kwamba ni siri ya HS256. Ufunguo wa umma kila mtu anao!

Sasa tufike panaponiumiza kichwa zaidi. Tazama tokeni hii ikishafunguliwa:

```
{
  "iss": "https://ingia.duka.example",
  "aud": "maagizo",
  "sub": "mteja-4471",
  "scope": "maagizo:soma",
  "iat": 1767225600,
  "exp": 1767226200
}
```

Saini ni sahihi, muda haujaisha. Ikifika kwenye huduma ya malipo, ipokelewe? Hapana; `aud`, yaani mlengwa wa tokeni, inasema ni ya maagizo. Ni kama kadi ya harusi: umeshika kadi halisi kabisa, ila ni ya ukumbi wa jirani. Laibrari nyingi hazikagui `aud` mpaka uziambie, na wala hazilalamiki usipoziambia.

Mwaka 2023 kundi ambalo Microsoft yenyewe imelipa jina Storm-0558 lililokuwa limepata ufunguo wa kutia saini wa akaunti za watu binafsi liliutumia kughushi tokeni za kuingilia barua pepe za mashirika takriban 25, zikiwemo za serikali ya Marekani. Ufunguo kuibwa ni sehemu moja tu ya tatizo. Ya pili ni kwamba mfumo wa barua ulikubali ufunguo wa kundi moja la akaunti kwa akaunti za kundi lingine; waliouandika walidhani laibrari inakagua kila kitu.

Kwa hiyo nikiambiwa "geti limeshakagua", yaani lango (API gateway) la kupitia maombi kutoka nje, huwa nauliza: na ombi lisilopita getini? Kazi za usiku, huduma jirani iliyodukuliwa, zote zinaingilia mlango wa nyuma. Kila huduma ikague yenyewe `iss` (nani kaitoa), `aud`, `exp` (mwisho wa muda) na `scope` (ruhusa). Haigharimu hata milisekunde chache. Maagizo yanapohitaji kuita malipo kwa niaba ya mteja, yasipitishe tokeni ileile. RFC 8693 ya mwaka 2020 inaeleza namna ya kuibadilisha na kupata nyingine ya malipo tu, yenye ruhusa finyu.

Kufuta ndiko kugumu. Tokeni ikishatoka, huna namna ya kuirudisha, hivyo ipe dakika 5 hadi 10 za uhai. Tokeni ya kuombea nyingine mpya (refresh token) ikae kwenye databesi na ibadilishwe kila inapotumika. Iliyokwisha kutumika ikirudi tena, futa mnyororo wote wa tokeni zilizotokana nayo, maana kuna mikono miwili inayoishika. Saa za seva zilandanishwe kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa mtandaoni), uvumilie tofauti ya sekunde 30 hivi. Na kwa kutoa pesa au kubadilisha nywila, dakika 5 ni nyingi mno: hapo tu, iulize huduma ya kuingia moja kwa moja.