Msafiri vegani kati ya Nakuru na Kisumu: muulize mpishi kuhusu maziwa

Kazi yangu ni kupikia watalii, kuanzia Ziwa Nakuru hadi Kisumu na msitu wa Kakamega. Siku hizi nawapokea wengi ambao ni vegani, watu wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Swali lao la kwanza ni kama watapata chakula. Chakula kipo tele. Pita soko la Wakulima hapa Nakuru au Kibuye kule Kisumu asubuhi, utaona mboga za majani kama managu, saga, mrenda, kunde, mito, terere na majani ya maboga yamerundikwa mpaka njiani. Shida huja mwishoni mwa upishi, pale mpishi anapoinua kifuniko na kumimina maziwa.

Ana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Managu na saga zina uchungu, na bibi zetu walijua dawa yake: chemsha, mwaga maji ya kwanza, tia maziwa au krimu, acha zilale usiku kucha. Kwa Waluo na Wakalenjin wengi huo ndio upishi wenyewe, na mgeni ndiye anayeongezewa krimu zaidi. Ukiomba mboga tupu utaletewa mboga tupu, na maziwa yamo ndani. Ukisema huli nyama, Kisumu unaweza kuwekewa samaki kwa moyo safi kabisa. Kwa hiyo taja vitu kimoja kimoja, tena kabla sufuria haijapanda jikoni: "Mama, naomba usinitilie maziwa, samli wala siagi, nipikie kwa mafuta ya alizeti." Hakuna mpishi wa huku atakayekasirika kwa ombi la namna hiyo. Anayekasirika ni yule anayeambiwa sahani ikiwa tayari mezani.

Kama umelipia safari kupitia kampuni, omba uongee na mpishi mwenyewe kwa simu. Ujumbe ukipita kwa wakala, kisha ofisi, kisha dereva, unafika jikoni umebaki "huyu hali nyama", na hapo ndipo mgeni hujikuta anakula wali na kabichi kila siku. Inaniuma sana kuona mtu ametoka mbali, amefika penye mboga nzuri namna hii, halafu anaondoka akidhani hatuna chakula.

Mimi napika managu hivi. Nachambua majani, mashina magumu naweka kando, kisha nachanganya na terere kiasi sawa, maana terere ni tamu na huzima ule uchungu. Nachemsha kwa maji machache, namwaga. Kwenye sufuria nyingine nakaanga kitunguu na nyanya mpaka nyanya ivurugike, kisha mboga inaingia. Njugu karanga nimeshazikaanga na kuzisaga mpaka zikaanza kutoa mafuta. Nakoroga vijiko viwili vya karanga hiyo kwa maji moto iwe kama uji mwepesi, namimina juu, napunguza moto, na siondoki hapo, kwa sababu karanga hushika chini upesi. Mafuta yakianza kuelea juu, imeiva. Upande wa Busia na kwa Wateso utapata simsim iliyosagwa ikitumiwa vivyo hivyo, na kwangu hiyo ni tamu kuliko krimu.

Mrenda hauhitaji hata karanga. Waluhya huulainisha kwa munyu wa kienyeji: maganda makavu ya maharagwe yanachomwa, majivu yanawekwa kwenye chombo chenye matundu, maji yanapitishwa polepole, na yanayodondoka chini huwa na rangi ya kahawia. Kidogo tu kinatosha sufuria nzima. Changanya mrenda na kunde, ula na ugali wa mtama.

Vingine vya kuangalia: chapati na mandazi hukandwa mara nyingi kwa maziwa, mayai au siagi, mukimo hupondwa na siagi, na mchuzi wa ndengu huweza kuwa umekolezwa kwa supu ya nyama. Chai yetu huchemshwa na maziwa tangu mwanzo, hivyo agiza chai ya rangi. Ukipita Kericho utaiona ilikotoka.

Kuna jikoni mbili ambazo zitakuelewa haraka. Ya kwanza ni ya Wahindi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja nayo, na mpaka leo mjini kuna familia na hoteli zisizopika nyama kabisa. Hapo uliza tu kama wametia samli, mtindi au jibini. Ya pili ni ya Wasabato, waliofika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Kanisa lao huhimiza kula mimea, na ingawa si waumini wote wanaofuata, mpishi Msabato mara nyingi anajua kutengeneza maziwa ya soya na hahitaji kuelezwa mara mbili.

Chakula cha kubeba hifadhini ndicho kinachokosewa zaidi. Kifurushi cha kawaida cha loji ni paja la kuku, yai la kuchemsha, mkate wenye siagi na keki. Ukiviondoa hivyo, vegani anabaki na ndizi na juisi, naye ameingia getini saa kumi na mbili asubuhi. Mimi hukunja ndengu nzito iliyokauka mchuzi ndani ya chapati iliyokandwa kwa maji na mafuta tu, naongeza nduma, viazi vitamu, avokado na njugu. Tumia vyombo vya bati au vya kudumu, kwa kuwa plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu tarehe 5 Juni 2020. Na pale Baboon Cliff, ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru, kula ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Nyani wa pale wanaijua harufu ya ndizi.

Wageni wakiwaona flamingo huniuliza kuhusu spirulina, vijimea vidogo sana vya majini, kwa kuwa ndiyo chakula cha flamingo wadogo na wamesikia kwamba ina vitamini B12. Sehemu kubwa ya B12 iliyo ndani yake ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Njoo na vidonge vyako vya B12. Flamingo wenyewe wamepungua Nakuru tangu maji ya ziwa yalipopanda na chumvi yake kupungua. Mara nyingi utawakuta wengi zaidi Ziwa Bogoria.

Vegani wengi pia huuliza kama pesa yao inaunga mkono uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyama mwaka uliofuata. Anayetaka kuwaona wanyama kwa miguu, aende Kakamega akawatazame mbega, au Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kwenye vinamasi. Zawadi za kupeleka nyumbani zisizo na ngozi wala pembe zipo: vikapu vya magugu maji huko Dunga, na vinyago vya mawe vya Tabaka, Kisii.

Ukienda hifadhi ya taifa ya Ruma kuwatafuta korongo, wale swala wakubwa, si ndege, ambao nchini hubaki huko tu, jipange kujipikia. Nunua mboga Homa Bay asubuhi ya siku hiyohiyo na uzipike mchana, maana ndani ya gari lenye joto managu hunyauka kwa saa chache. Ndengu na viazi vitamu weka kwa ajili ya siku ya pili.