Kuziba Macho Hakumfichi Mgonjwa

Madaktari tarajali ninaowafundisha wana jibu lao kila nikiwauliza kuhusu picha za wagonjwa wanazoposti: "Lakini Daktari, sura haionekani." Kweli, haionekani. Ila atakayemtambua mgonjwa si mtu baki. Ni shemeji yake, ni jirani, ni mfanyakazi mwenzake, ambao tayari wanajua amelazwa wapi na tangu lini. Hao wanatosheka na kovu la kiwikoni au pete kidoleni.

Ule mstari mweusi wa machoni hausaidii. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba (ICMJE) imeshasema bayana kuwa kuziba macho hakutoshi kumficha mtu.

Chukua eksirei ya mguu uliovunjika. Pembeni pana jina na namba ya mgonjwa. Mwanafunzi anaikata sehemu hiyo ya picha, anaona kazi imekwisha. Kisha anaandika: "Kijana wa miaka 19, pikipiki, jana usiku, tumetoka upasuaji alfajiri." Mtaa mzima umeshajua ni nani.

"Alikubali," wananiambia. Alikubali lini? Sahihi ya kupasuliwa ni ya kupasuliwa tu. Na mtu anayesubiri umchome sindano ya maumivu atakukatalia vipi? Ridhaa huombwa akiwa ametulia, aone picha yenyewe na maneno yatakayoambatana nayo, aelezwe kwamba ikishasambaa hairudi, na ajue kuwa akikataa atahudumiwa vilevile. Aliyepoteza fahamu hana namna ya kukubali. Aliyefariki naye ana siri zake: Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha tangu 1948, katika toleo lake la sasa linatutaka tuzitunze hata baada ya kifo. (Selfi za dole gumba juu mbele ya tumbo lililo wazi sina hata la kusema.)

Sikatai kwamba picha hufundisha. Upele hauelezeki kwa maneno. Lakini kundi la WhatsApp la darasa zima si raundi ya wodini, maana yeyote humo anaweza kuisambaza. Ukihitaji ushauri wa bingwa, fuata utaratibu wa hospitali, mpelekee yeye peke yake, nakala iingie kwenye faili la mgonjwa, halafu ifute simuni na kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambako mara nyingi simu huwa imeshaipeleka bila kukuuliza.