Jiliwa ndogo haishiki kwa misuli: dhana potofu zinazovunja vifaa

"Hii vaisi haishiki." Malalamiko haya hayaishi kwa wanaonunua jiliwa (vaisi) ndogo za kufunga mezani, zile za kubana kitu unachokifanyia kazi, zenye taya za upana wa milimita 50 hadi 75. Ukiwauliza wamefanya nini, jibu ni moja: wamekaza zaidi, halafu wakavisha bomba kwenye mpini ili wakaze zaidi tena. Jiliwa inarudishwa dukani imepasuka, na muuzaji ndiye anayelaumiwa.

Dhana hii kwamba ukikaza zaidi itashika zaidi ndiyo inayoharibu jiliwa na kazi yenyewe. Mpini umefanywa mfupi kwa makusudi. Mpini wa sentimita 10 ukiurefusha kwa bomba hadi sentimita 30, mkono uleule unasokota skrubu kwa nguvu mara tatu. Jiliwa hizi nyingi ni za chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) au aluminiamu ya kusubu, na chuma cha kusubu hakipindi kwanza kikakuonya. Hupasuka ghafla. Chuma kikistahimili, hesi (mifuo ya kuzungusha skrubu) za nati ya ndani ndizo zinazolika, na tangu hapo mpini unazunguka bila kubana kitu. Wala usitegemee kuichomelea: weldi ya kawaida juu ya chuma cha kusubu hupasuka tena kandokando ya mshono.

Kitu huteleza kwa sababu ya mahali ulipokishika na kile kinachokigusa. Kishushe mpaka mstari wa kukata ubaki milimita 5 hadi 10 tu juu ya taya. Kikisimama juu sana, hutikisika, msumeno hupiga kelele na meno yake hukatika, nawe unadhani hujakaza vya kutosha. Kiweke katikati ya taya. Ikibidi ukibane upande mmoja, weka upande wa pili kipande chenye unene uleule, la sivyo taya inayosogea inakaa mshazari na kushika kwa pembe tu.

Kisha zifunike taya. Chukua engo ya aluminiamu, yaani ukanda uliokunjwa kama herufi L, ya milimita 25 kwa 25, unene wa milimita 2. Mafundi wa madirisha hapa Nairobi huwa na vipande vilivyobaki. Kata viwili vyenye urefu wa taya, piga tupa kwenye ncha, kisha vining'inize juu ya taya. Kwa kitu kilichong'arishwa au chenye rangi, gundisha ngozi ya mkanda mzee kwenye engo hizo. Ngozi ina msuguano mkubwa kuliko chuma laini, kwa hiyo utakaza kidogo na kitu kitashikika vizuri zaidi. Ningekuwa na uwezo, hakuna jiliwa ambayo ingeuzwa bila vipande hivi viwili.

Bomba jembamba likibanwa peke yake huwa bapa. Tumbukiza kijiti cha mbao kinachojaa ndani, au libane kati ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mfuo wa umbo la V. Bolti usiibane kwenye hesi kamwe: zungushia nati mbili, zikaze moja dhidi ya nyingine, kisha bana nati kwenye nyuso zake bapa. Bati jembamba libane katikati ya mbao mbili na ukate vyote pamoja, kwa msumeno wenye meno 32 kwa inchi. Meno matatu angalau yawe yamegusa kinachokatwa kila wakati. Yakipungua, msumeno unanasa na kulichomoa bati, na hapo tena jiliwa ndiyo inayoshutumiwa.

Wapo wanaoamini kwamba jiliwa ya kunyonya hewa hushika popote. Hushika kwenye uso laini usiopitisha hewa, kama terazo iliyosuguliwa au kioo kinene. Kwenye vigae, mpira ukikanyaga mstari wa saruji katikati ya kigae na kigae, hewa huingia na jiliwa hung'oka. Mbao isiyopakwa vanishi haifai kabisa. Jiliwa hii ni ya kupaka rangi na kutia lehemu. Kwa tupa na msumeno, nunua ya kufunga kwa skrubu, uifunge karibu na mguu wa meza, ukitanguliza kipande cha mbao ngumu chini ya skrubu ili isitoboe ubao.

Kale kauso bapa kalikoko nyuma ya taya si fuawe. Kugonga pini kwa nyundo ndogo, sawa. Kunyoosha chuma cha dirisha, nenda kwa wafua vyuma wa Kamukunji.

Mafuta nayo hupakwa kwenye skrubu na mahali taya inapoteleza, kiasi kidogo, baada ya kupiga brashi. Ukiyamwaga kote, unga wa chuma hugandana nayo na kula hesi, na taya zenye mafuta ndizo hasa zinazoteleza.

Anayetengeneza redio au simu naye hulalamika kwamba lehemu haiyeyuki. Taya za chuma zinanyonya joto lote la waya. Bana waya kati ya vijiti viwili vya mbao, na bodi ya saketi uishike kwenye kingo zake tu, ikaze kwa vidole viwili, uishie hapo.