Mgongo hautaki sikspeki, unataka misuli ya ndani

Hapa Dodoma wagonjwa wangu wengi ni watumishi wanaokaa kwenye kiti kutwa nzima kule Mtumba kwenye ofisi za serikali, na madereva boda, na karibu wote swali ni lilelile, dokta zoezi gani zuri kwa mgongo, nifanye Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kwenye mkeka, au nibebe chuma?

Sasa tuelewane kwanza ni misuli gani. Ile inayoonekana ukivua shati, ndo sikspeki, ni ya juu juu, kazi yake kubwa ni kukunja kiwiliwili. Ya ndani huioni: kuna transvasi abdominisi inayozunguka tumbo kama mkanda, kuna maltifidasi iliyoshikilia pingili za uti wa mgongo huku nyuma, kiwambo cha kupumulia juu, na misuli ya sakafu ya nyonga chini. Ikikaza kwa pamoja presha ya tumboni inapanda na pingili zinatulia. Mwaka 1996 watafiti Hodges na Richardson kule Australia walipima wakaona mtu mzima wa afya akinyanyua mkono tu, transvasi inakaza kabla hata mkono haujasogea, ila kwa wenye maumivu ya kiuno inachelewa. Mwaka huohuo Hides na wenzake wakaonyesha maltifidasi hairudi yenyewe hata maumivu yakiisha, ndo maana nasisitiza mazoezi hata ukishapona jamani.

Pilates nawapa wanaoogopa kujikunja, maana inaenda taratibu na pumzi, unajifunza kukaza bila kubana pumzi. Planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) na planki ya ubavu zinajenga stamina ya misuli, na hapa watu wanakosea sana, wanashindana dakika tano huku kiuno kimebonyea, wakati Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Kanada, anashauri ushike kama sekunde 10, uachie, urudie. Lingine analolipenda, piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kiuno kisicheze, halafu badilisha.

Chuma nacho kinaogopwa bure. Kwenye skwati (kuchuchumaa na kusimama na uzito) na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini) maltifidasi inafanya kazi kubwa mno, mradi uanze na uzito mdogo na uongeze polepole. Huna jimu? Beba ndoo ya lita 10 kwa mkono mmoja, tembea umenyooka, geuza mkono, misuli ya ubavu wa pili itakwambia yenyewe.

Kwa maumivu ya muda mrefu, tafiti zilizolinganisha hazijaonyesha mazoezi ya kulenga misuli ya ndani peke yake yanazidi mazoezi mengine kwa mbali, kwahiyo mimi nakwambia chagua utakalolifanya wiki hii na mwezi ujao. Ila ukianza kupata ganzi sehemu za siri, mkojo ukawa hautoki au unatoka wenyewe, au mguu ukaanza kulegea, acha mazoezi yote uende hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.