Kabla hujasema mwanao ameshindikana

Wazazi wengi wanaofika ofisi za ustawi wa jamii hapa Mwanza huja na neno hilohilo: "Huyu mtoto ameshindikana." Ukiuliza ameshindikana kwa lipi, yanamwagika: hasalimii wageni, amenyoa kiduku, anajibu kwa mkato, analala mpaka saa nne, anabeti, kuna siku harudi nyumbani. Mawili ya mwisho ni hatari kweli. Yale mengine ni umri tu. Lakini mzazi amegombea kiduku wiki nzima, na akifika kwenye kubeti mtoto ameshazizoea kelele zake.

Kwa hiyo punguza unayoyagombea. Chagua mambo matatu au manne yasiyo na mjadala: kulala nyumbani, kwenda shule, kutogusa pombe wala mikeka (kubeti chini ya miaka 18 ni kosa kisheria). Yaseme mapema, pamoja na adhabu yake, na baba na mama wawe na kauli moja. Mengine yaache yapite hata kama yanakukera. Nywele zitaota.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia papara, huendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Ndiyo maana kijana wa miaka 15 anajua kabisa kwamba jambo ni baya, na mbele ya wenzake analifanya. Wazazi wa Kirumba hupenda kunikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, wakiwa na maana kwamba wao wamechelewa. Kwa hesabu ya ubongo, wa miaka 16 bado mbichi kabisa.

Uvivu nao usiuhukumu haraka. Balehe husogeza mbele saa ya kusinzia, na kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo wazazi hulisahau: kichocho. Mtoto anayeoga na kuchota maji ziwani anaweza kuugua kwa muda mrefu bila kulala kitandani, akawa mchovu, hana damu, darasani hashiki kitu. Mpeleke kituo cha afya apimwe kabla hujamwita mzembe. Dawa ipo.

Linalowasumbua sana wazazi wa mialoni, kule samaki wanakoshushwa ziwani, ni pesa. Usiku wa giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, vijana huenda kusaidia kuvuta nyavu au kuanika, na asubuhi wanarudi na noti mfukoni. Baadhi ya noti hizo zinanunua unga wa nyumbani. Sasa baba atamkemea vipi mtu aliyelisha familia jana? Hukaa kimya, na kijana anajua kimya hicho kimenunuliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kama nyumba inaitegemea pesa ile, mzazi akiri hivyo mbele ya mwanawe, amshukuru, kisha wakubaliane kazi za mchana siku za likizo. Mazungumzo hayo yafanyeni wakati wa mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika na hakuna anayekimbilia mtumbwi. Kijana huongea zaidi mkiwa mnafanya kazi bega kwa bega, mnashona nyavu au mnapalilia, kuliko akiitwa sebuleni mbele ya wajomba watano.

Kuhusu fimbo, najua nitapingwa. Kijana wa miaka 15 akichapwa hujifunza kuficha vizuri zaidi, au hutoroka kwenda visiwani kwenye kambi za uvuvi, ambako hakuna wa kumuuliza lolote. Mnyang'anye simu kwa siku mbili, mpunguzie matembezi, alipe alichoharibu. Binti aliyepata mimba usimfukuze. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule za kawaida baada ya kujifungua, na atahitaji pa kulala ili asome.

Zipo dalili zisizosubiri ushauri wa jirani. Amejitenga kwa zaidi ya wiki mbili, hali chakula, halali usiku, ameacha hata mpira alioupenda, anajikatakata, anagawa vitu vyake, au anasema afadhali afe. Hiyo si jeuri. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na za panya ndani ya nyumba, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bugando. Kama kuna mtu mzima anayemdhuru au anayempa zawadi zisizoeleweka, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga bila kukuaga.