Unene wa waya hauondoi mngurumo

Katika kwaya nyingi za Bukavu, na kwa wanaopiga muziki kwenye harusi, kuna imani ya siku nyingi: ukiunganisha mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) na bafle (spika kubwa), chukua waya nene kuliko zote, na mngurumo utaisha.

Imani hiyo ina mzizi wa kweli. Bafle isiyo na amplifaya (kikuza sauti) ndani hupokea nguvu nyingi kupitia waya, kwa hiyo unene unasaidia, hasa waya ikiwa ndefu. Lakini bafle yenye amplifaya yake hupokea mawimbi madogo tu kutoka kwenye mikisa.

Hapo kinga iko ndani ya kebo: nyaya mbili nyembamba zinabeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha nyingine, zikizungukwa na wavu wa chuma. Uchafu wa umeme huingia kwenye zote mbili sawasawa, na bafle inaufuta. Ndiyo kazi ya kebo yenye plagi ya XLR, ile ya duara yenye pini 3, au jeki yenye pete 2 nyeusi kwenye chuma chake, mradi tundu la mikisa nalo liwe la aina hiyo. Jeki ya pete 1 kwa mita 2 huenda isikusumbue. Kwa mita 15, kutoka kwenye mikisa hadi mbele ya kanisa, naiepuka kabisa.

Kwa hiyo sokoni Kadutu, hesabu pete kabla ya kuuliza bei. Na mngurumo ukisikika upande mmoja, punguza sauti, kisha ya kushoto iweke kulia na ya kulia kushoto, ncha zote mbili za kebo. Ukihama pamoja na kebo, kebo ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, kagua tundu la mikisa, bafle na umeme wake.